Sekela na Namba ya Kijani

Julai ile baridi ilipoingia Ilomba, hapa Mbeya, ukimuuliza Sekela anafanya kazi gani alikuwa anajibu, "Nasubirisha akina mama." Anasema hivyo huku anaanika soksi zake kwenye kamba, hacheki, na mgeni asiyemjua hubaki anamtazama tu. Sisi wa uani tulijua anachosema, na tulijua kinamuuma.

Yeye ni mpangaji wa chumba cha mbele, mimi na mume wangu Vitus tuko cha pembeni yake, ukuta mmoja. Vitus ni dereva wa malori ya Zambia, kwa hiyo siku nyingi uani tunabaki mimi, mwanangu Roza, na Sekela na laptopu yake. Ni mtu wa Kiwira, Mnyakyusa wa migombani kabisa. Hajawahi kurudi kutoka kwao mikono mitupu. Anaingia na mkungu wa ndizi, anaukata vichane, na asubuhi kila mpangaji anakuta kichane mlangoni kwake. Ukimshukuru anajifanya hajui. Anavaa soksi na ndala, kiangazi na masika. Na anaongea na laptopu. Ikimuudhi anaisema kwa Kinyakyusa, ikimtii anaiambia "asante, mama" kwa Kiswahili, kama mtu aliyepokea chenji dukani.

Kompyuta alisomea chuo hapahapa Mbeya. Wenzake walipokimbilia Dar es Salaam yeye alibaki, akapata kazi ya kutengeneza mfumo wa kliniki za watoto kwa zahanati kadhaa za kanisa, kuanzia Mbeya mpaka kule kwetu Ilula, mkoani Iringa. Zamani mtoto akipimwa uzito au akichanjwa, nesi anaandika kwenye daftari la zahanati na kwenye kadi ya mama. Kwa mfumo wa Sekela nesi anaandika kwenye kishikwambi, na mtoto anaonekana kwenye zahanati zote.

Faida yake niliiona mapema. Roza akiwa bado mchanga nilimpeleka Ilula akaonwe na bibi yake. Basi liliposimama Igawa watu wanunue mchele, chupa ya uji ilifunguka ndani ya mkoba, na kadi ya kliniki ikawa uji nayo. Nilifika zahanati ya Ilula mikono mitupu, nimejiandaa kusemwa. Nesi akaniuliza jina la mtoto, akaliandika, na pale kwenye kioo akatokea Roza wangu na uzito wake wote aliopimwa Ilomba, na chanjo zake zote. Nilihisi kama kuna mtu kanitangulia njiani kunitambulisha. Niliporudi nilimhadithia Sekela. Asubuhi yake nilikuta vichane viwili mlangoni.

Shida ilianza polepole, kama paa linalovuja. Mwanzoni nesi akigusa, ukurasa unafunguka. Baadaye unakawia kidogo, mtu anapata nafasi ya kupangusa pua ya mtoto. Ikafika mahali nesi anagusa, kile kiduara kinaanza kuzunguka, kinazunguka, na mama aliyekuwa amemvua mtoto nguo tayari kwa mizani anamvalisha tena asipigwe na baridi. Pale Ilomba akina mama walikipa kiduara kile jina. Walikiita kinu.

"Vipi huko mbele?"

"Kinasaga."

"Unga wa nani huo usioisha?"

Kila mmoja alisema ni mtandao. Ukiwa Tanzania kitu kikichelewa ni mtandao, huna haja ya kuuliza. Sekela naye aliamini hivyo. Akabadilisha modemu, akabadilisha laini, akaomba zahanati zisogeze vishikwambi karibu na dirisha. Kisha akahisi labda ni utafutaji wa majina, maana watoto wamekuwa wengi. Akatengeneza faharasa ya majina, ili mashine iende moja kwa moja kwenye herufi badala ya kupekua kila mstari. Utafutaji ukawa mwepesi kweli. Lakini ukurasa wa mbele, ule unaoanza nao na unaorudi kwako kila ukimaliza mtoto mmoja, ukaendelea kusaga.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba kwenye laptopu yake mfumo ulikuwa unakimbia. Humo alikuwa na watoto wake wa kubuni wa kujaribia, wachache, amewapa majina ya kuku wa mama yake. Alikuwa anakuja kukaa jikoni kwangu penye moto wa mkaa, anafungua, anafunga, anafungua.

"Ona, Mama Roza. Kwangu unaruka. Ukienda kwa wenzangu unatambaa."

"Labda unakuogopa."

"Ungeniogopa ningelala usingizi."

Halafu mratibu wa zahanati zile, Bwana Obeid, akampigia simu. Sekela alikuwa jikoni kwangu, na simu yake inasikika hata ukiwa nje. Mratibu hakufoka. Alisema manesi wamechoka, akina mama wanarudi nyumbani bila kupimwa, na wiki ijayo ana safari ya kwenda Ilula kwenye kliniki kubwa ya siku mbili. "Nitafika siku ya pili, binti yangu. Nikikuta bado ni hivi, tunarudi kwenye daftari. Sitakulaumu. Tutakuwa tumejaribu."

Sekela akasema, "Nimekuelewa, baba." Akafunga laptopu. Alikaa anatazama makaa mpaka yakaanza kuvaa majivu.

Mfumo ule alikuwa ameutengeneza peke yake, tangu mstari wa kwanza. Kurudi kwenye daftari maana yake kazi yake yote ifungwe kabatini. Na kwangu maana yake kadi ikilowa imelowa.

"Mimi Jumatatu naenda Ilula kumpeleka Roza kwa bibi yake," nikamwambia. "Twende wote. Ukaone kwa macho."

Kwenye basi alikaa upande wa dirisha, Roza mapajani kwake anavuta kamba ya kofia. Tulipoipita Igawa aliniuliza, "Kwenu mko wangapi, Mama Roza?"

"Tupo."

"Tupo wangapi?"

"Tupo tu, dada. Wengine utawakuta, wengine wako mbali."

Akanitazama kwa pembeni. "Nyie Wahehe bwana. Mtu anawaomba idadi, mnampa salamu."

"Na baba yako ana watoto wangapi?"

"Tisa," akajibu mara moja. "Migomba ndiyo hajui idadi yake."

"Basi ndiyo maana mnaelewana na kompyuta."

Akacheka, cheko la kwanza tangu ile simu, na Roza akacheka kwa kumfuata.

Mama yangu tulimkuta pale pale anapokaa siku zote, kando ya barabara kuu, nyanya zake kwenye ndoo ndogo za sado na mafungu ya vitunguu mbele. Nilikuwa nimemfundisha Sekela salamu njiani. Akasema, "Kamwene, mama," kisha akaongeza shikamoo asije akakosea. Mama akaitikia zote mbili. Akampokea Roza, ambaye ndiye wajina wake, akamnusa shingoni, kisha akashusha macho kwenye miguu ya mgeni, soksi na ndala.

"Mwanangu, umeamua kuvaa viatu au hujaamua?"

"Bado natafakari, mama."

Mama akampenda hapohapo. Niliona kwa jinsi alivyochagua nyanya za kupika jioni ile. Alichukua zile za kwenye sado la kuuzia.

Asubuhi tulikwenda zahanati wote, mama akiwa amembeba wajina wake mgongoni, hakutaka nimguse. Foleni ilikuwa imeshatoka ukumbini, imezunguka mpaka kwenye tangi la maji. Nesi alikuwa Frida, mwanamke mnene wa sauti kubwa, yule yule aliyeniokoa siku ya kadi ya uji. Aligusa kishikwambi, akakunja mikono kifuani.

"Haya akina mama, kinasaga. Vuteni subira, na anayejua wimbo aanzishe."

"Tuliimba mwezi uliopita, nesi," mmoja akajibu. "Nyimbo zimeisha."

Sekela alisimama nyuma ya Frida kama mtu aliyekuja msibani akakuta ni kwake. Kila kiduara kilipoanza alikuwa anatazama saa yake, halafu modemu dirishani, taa zote zinawaka kijani, halafu saa tena. Zamu yetu ilipofika, mama akamfungua Roza mgongoni, akamkalisha kwenye ile nguo ya mizani. Kiduara kikazunguka. Roza akaanza kutetemeka kidevu. Hatimaye ukurasa ukafunguka, na juu kabisa, kwa maandishi makubwa ya kijani, ikatokea namba ndefu.

Mama ni mfanyabiashara, namba anazisoma. "Hiyo ni ya nini?"

"Ni watoto wetu, mama," Frida akasema. "Wote, kuanzia Mbeya mpaka hapa. Wale waliohama wametolewa, na wale waliotangulia mbele za haki."

Mama akaisogelea ile namba. "Wamehesabiwa?"

"Wamehesabiwa."

"Na wajina wangu yumo?"

"Yumo, mama, tena nilimwona mimi mwenyewe."

"Mtoeni."

Akamnyanyua Roza kutoka kwenye mizani, akamfunga kanga, akatoka naye nje; wazee wa kwetu hawataki mtoto ahesabiwe. Msichana mmoja kwenye foleni akamwambia mwenzake, "Bibi anaturudisha zama za mizimu."

Mwanamke mtu mzima aliyekuwa nyuma yao, na mjukuu mkononi, akamjibu taratibu, "Wewe ukishazika ndipo uje tuongee." Kisha naye akanyanyua kapu lake, akatoka. Akafuata mwingine.

Frida akamgeukia Sekela. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Kesho mratibu yuko hapa. Kinasaga, na sasa wanakimbia. Nimwambie nini?"

Sekela akachukua laptopu yake, akatoka nje, akaenda kukaa kwenye benchi alipokaa mama. Nami nikasogea, nikasimama karibu.

"Nisamehe, mama," Sekela akasema. "Kwetu watoto wanahesabiwa. Sikujua."

"Hukukosea, mwanangu. Hukuambiwa." Mama alikuwa anamtikisa Roza gotini. "Sikiliza. Mimi nimezaa. Wako walio hapa, na wako walio kule nyuma ya kanisa. Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, nikisema wote, nimewachanganya walio juu ya ardhi na walio chini. Nikisema hawa tu, wale nimewafukuza. Kwa hiyo mtu akiniuliza nasema wapo. Wapo, basi. Hakuna niliyemdanganya."

Alisema kama mtu anayeeleza bei ya vitunguu. Mimi nimekua naiona misalaba miwili midogo nyuma ya kanisa, kila Novemba tunaisafisha, lakini sikuwahi kumsikia mama akiisema. Nilijikuta nimeshika mguu wa Roza, ule uliokuwa karibu yangu.

Sekela akafungua laptopu juu ya magoti, akaiunganisha na simu yake. "Namba ile nitaiondoa, mama. Hata kama kesho mfumo wenyewe unaondolewa."

Alitaka tu mama arudi ndani, mtoto apimwe. Ilikuwa heshima, haikuwa ufundi. Akaandika kidogo, akangoja, akamwita Frida mlangoni amwambie afungue ukurasa. Tukasikia kutoka ndani akina mama wakisema kinasaga. Kikasaga kama kawaida yake. Kisha Frida akaitikia, "Namba haipo."

"Imeondoka, mama," Sekela akasema. "Haionekani tena."

Sasa, biashara ya nyanya ina swali moja ambalo huulizwa kila siku. Mtu anakuletea tenga, juu zimepangwa nyekundu, nzuri, zinang'aa. Chini hujui. Anakwambia mbovu zote zimeshaondolewa. Mama yangu ameuliza swali hilo barabarani pale tangu sijazaliwa, na alimuuliza Sekela kwa sauti ile ile, bila ubaya.

"Umeifunika au umeitoa?"

Sekela akanyanyua uso. Angeweza kumjibu vyovyote, mama asingejua. "Nimeifunika," akasema.

"Kwa hiyo humo ndani bado wanahesabiwa."

"Bado wanahesabiwa," Sekela akaitikia, na mdomo wake ukabaki wazi kidogo. Akageuka kutazama mlango wa zahanati. Ndani kulikuwa na mtoto analia na Frida anasema vuteni subira. "Bado wanahesabiwa," akarudia, lakini sasa hakuwa anaongea na mama. Alikuwa ameanza kusema Kinyakyusa.

Akainama. Vidole vilikwenda haraka, kisha vikasimama, kisha vikagusa mara moja.

"Nesi, fungua tena."

Frida akaitikia kutoka ndani, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo: "Umefunguka."

"Rudi nyuma, ufungue tena."

"Umefunguka. Mbona umefunguka?" Akatokea mlangoni na kishikwambi mkononi, anagusa, anarudi, anagusa, kama mtoto aliyepewa swichi ya taa. "Mtandao umerudi?"

"Haukuwa mtandao," Sekela akasema. Alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika, na nilihofu analia mpaka nikasikia kicheko. "Ni mimi. Nilikuwa nawahesabu."

Alinieleza vizuri mchana ule nyumbani kwa mama, mimi nachambua nyanya kwenye tenga, yeye amekaa kwenye kigoda na laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwenye hifadhidata, ndiyo ghala lenyewe la taarifa, kila mtoto anapopimwa unaongezeka mstari mmoja. Ili ile namba ya kijani itokee, mashine ilikuwa inaanza mstari wa kwanza kabisa na kupita yote, Ilomba hadi Ilula, ikiuliza huyu ni nani, nimeshamhesabu, yupo, amehama, amefariki. Ikifika mwisho inaandika namba. Nesi akimaliza mtoto mmoja na kurudi ukurasa wa mbele, mashine inaanza tena kwa wa kwanza. Manesi wa zahanati zote wakigusa kwa pamoja, wote wanahesabu watoto wale wale kwa wakati mmoja.

"Na kuku wa mama yako?" nikamuuliza.

"Wale ni wachache. Hata ukiwahesabu mara mia humalizi pumzi. Ndiyo maana kwangu uliruka."

"Na hiyo namba nani aliitaka?"

Akafikiri. "Mratibu anaihitaji kwa taarifa ya mwezi. Nesi hakuiomba. Mimi niliiweka juu kwa sababu ilipendeza."

Lakini kazi haikuwa imeisha. Kuitoa namba kulivunja kitu kingine. Orodha ya watoto inakuja ishirini ishirini kwa ukurasa, na vile vitufe vya chini, ukurasa wa kwanza kati ya kadhaa, vilikuwa vinategemea ile jumla. Bila jumla havikujua viishie wapi, vikapotea vyote. Frida akawa amekwama kwenye watoto wa juu tu. Kesho yake mratibu anakuja.

Sekela alikuna kichwa kwa kalamu. Mama alikuwa amerudi kutoka barabarani kuchukua sado jingine, mteja wa gari dogo anamsubiri. Kutoka nje mteja akapaza sauti, "Mama, vitunguu vipo?"

"Vipo," mama akaitikia, akatoka.

Nilimwona Sekela anatazama mlango aliotokea mama. Kisha akainamia laptopu, na safari hii hakusema lugha yoyote. Alipomaliza alinigeuzia kioo nione. Chini ya watoto ishirini palikuwa na kitufe kimoja tu kimeandikwa Endelea.

"Sihitaji kujua kurasa ziko ngapi," akasema. "Nahitaji kujua kama kuna nyingine. Kwa hiyo naomba ishirini na mmoja. Naonyesha ishirini. Huyo mmoja wa ziada akija, najua mbele wapo, naweka Endelea. Asipokuja, tumefika mwisho."

"Na mratibu na taarifa yake?"

"Yake nimeiweka pembeni. Kuna mahali padogo pamehifadhi jumla. Akisajiliwa mtoto panaongezwa mmoja, akihama au akifariki panapunguzwa. Kila alfajiri, manesi wakiwa hawajaamka, mashine inahesabu wote mara moja, isije ikawa tumekosea mahali. Hiyo anaiona yeye kwenye ukurasa wake. Hapa mbele haionekani, na haihesabiwi."

Nikamwambia basi amekomboka. Akasema, "Tusubiri baba Obeid aone."

Bwana Obeid alifika asubuhi na koti zito na miwani ya kusomea kwenye kamba. Akakuta foleni fupi, akadhani akina mama wamegoma. Alikuwa amesikia habari za jana.

"Wako wapi watu?" akamuuliza Frida.

"Wameshapimwa, baba. Wamekwenda shamba."

Akavaa miwani, akakaa pembeni, akatazama. Mzazi akiingia, mtoto anavuliwa, ukurasa unafunguka, uzito unaandikwa, mtoto anavalishwa. Hakuna aliyevalishwa mara mbili. Alitazama hivyo kwa muda mrefu, na Sekela amesimama ukutani mikono nyuma kama mwanafunzi. Halafu akasogeza kichwa karibu na kioo.

"Namba yangu iko wapi?"

"Iko kwenye ukurasa wako, baba." Sekela akamfungulia. "Imehesabiwa alfajiri. Waliosajiliwa tangu hapo imewaongeza."

"Nilikuwa nawaonyesha wageni ile ya kijani."

"Utawaonyesha hii."

"Hii nyeusi."

"Nitaipaka kijani, baba."

Mratibu akaguna. Akaifungua tena namba yake, akaitazama, akarudi ukurasa wa mbele, ukafunguka. Akarudia. "Hivi ndivyo ulivyokuwa wakati tunauzindua," akasema. Kisha akamwambia Frida, "Yale maboksi ya daftari niliyoleta kwenye gari, usiyashushe."

Frida hakupiga vigelegele. Alimgusa tu Sekela kiwiko akiwa anapita kuchukua pamba.

Mama alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe, wajina wake mgongoni. Aliingia, akasimama mbele ya kioo, akakisoma chote juu mpaka chini kama anavyokagua tenga. Mahali palipokuwa na ile namba, Sekela alikuwa ameandika maneno mawili, kwa kijani kile kile: *Watoto wapo.*

"Hii umeitoa," mama akasema.

"Nimeitoa, mama."

Akamfungua Roza, akamkalisha kwenye mizani yeye mwenyewe.

Mfumo bado unatumika mpaka leo. Zahanati nyingine zimeongezwa, na Sekela ana soksi mpya. Ukimuuliza anafanya kazi gani sasa anajibu, "Natengeneza mifumo," kama watu wengine. Kuna nesi mgeni wa Ilomba aliyempigia simu akidhani ukurasa una hitilafu, namba haijakaa mahali pake, pameandikwa maneno tu. Nilikuwepo. Sekela alimwambia hapana, dada, hapo hakuna kilichopotea.

Nesi huyohuyo aliniuliza wiki iliyopita, kalamu mkononi, nina watoto wangapi. Roza alikuwa mgongoni. Kuna mwingine tumboni ambaye mpaka sasa tunamjua mimi na Sekela tu, hata Vitus hajarudi safari nikamwambia.

"Wapo," nikasema.

Akanitazama, akatabasamu, akagusa Endelea.